Mjadala: kodi yetu isomeshe watu jeni za hamira wakati hospitali hazina dawa?

Wadau naileta hapa tuijadili wazi, maana kwenye grupu letu la wasap admini aliifunga kabla haijaiva. Kuna kijana anasoma sayansi chuo hapa Kampala, akasema anataka kufanya masters kwenye jeni za hamira zinazokagua mgawanyiko wa seli na vile zinavyogusa urefu wa telomia, akauliza kama pesa ya utafiti ya serikali inaweza kumsapoti. Weee, alishambuliwa! Mmoja akamwambia wilayani kwao hamna hata panadol na yeye anataka kodi ya watu ikapime hamira ya mandazi, mwingine akasema hizo ni kazi za Wazungu, sisi tushughulike na malaria.

Mimi niko na kijana, tena kwa moyo wote.

Kwanza tuelewane anachotaka kusoma. Telomia ni ncha za kromosomu, yaani zile nyuzi za DNA zilizomo ndani ya seli. Hamira ina kromosomu 16, na kila ncha ina herufi za DNA kama 300 hivi zinazojirudia rudia, seli ikigawanyika ncha inapungua kidogo halafu kimeng'enya kinaitwa telomerasi kinarudishia. Sasa jeni za ukaguzi kazi yake ni kama rodibloku ya polisi, DNA ikikatika zinasimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe. Weinert na Hartwell, watafiti wa Seattle kule Marekani, walilionyesha hilo mwaka 1988 kwa jeni ya hamira inaitwa RAD9, na Hartwell akaja kupata Nobel 2001. Lakini hebu fikiria, ncha ya kromosomu na DNA iliyokatika si zinafanana tu? Zote ni mwisho wa uzi. Na ajabu ni kwamba haohao wakaguzi ndio wanaosaidia kulinda ncha! Chukua wakaguzi wawili, jeni za TEL1 na MEC1. Ukitoa TEL1 telomia zinakuwa fupi sana ila seli zinaishi, ukiharibu MEC1 peke yake telomia haziguswi sana, ukiharibu zote mbili telomia zinaisha kizazi baada ya kizazi kama vile telomerasi haipo kabisa.

Na hiyo unaiona kwa macho yako. Unachukua doa moja la hamira unalichora kwenye sahani mpya, likiota unachukua doa lingine unachora tena, mara ya kwanza madoa ni manene na ya mviringo, ukiendelea yanakuwa madogo, kingo zimechakaa, mwishowe sehemu kubwa ya sahani ni tupu na vimebaki vidoa vichache vilivyopata njia nyingine ya kuokoa ncha zake. Hamira inagawanyika kila dakika 90 hivi, inataka joto la digrii 30 na sukari. Nionyesheni utafiti wa jeni wa bei ya chini kuliko huo!

Mnaosema haimhusu mgonjwa, sikilizeni. Mwaka 1995 TEL1 ilisomwa ikakutwa ni ndugu wa jeni ya binadamu inaitwa ATM, ambayo mtoto akizaliwa nakala zake zote mbili zimeharibika anashindwa kutembea vizuri, kinga inadhoofika, anapata kansa za damu na za tezi za limfu kirahisi, na mionzi ya kutibu kansa inamuumiza kuliko mtoto mwingine. Daktari asiyejua hilo anaweza kumdhuru mtoto akidhani anamtibu. Na hapa Uganda kansa ya tezi za limfu si hadithi ya mbali, daktari Burkitt alieleza ile ya taya za watoto mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, na taasisi yetu ya kansa ipo tangu 1967. Virusi vya Zika navyo vilipatikana karibu na Entebbe mwaka 1947, watu walikuwa wanafuatilia homa ya manjano, nani wakati huo angesema ina faida? Ilipolipuka Brazil 2015 dunia nzima ikarudi kwenye kazi ile.

Hoja ya panadol siipuuzi, inauma na ni kweli. Ila bajeti ya dawa na ya utafiti ni mifuko miwili tofauti, ukimnyima kijana hela hiyo haiendi famasi ya wilaya. Na tukikosa watu wanaoelewa mambo haya tutauziwa chochote, tayari mitandaoni kuna vidonge vya "kurefusha telomia urudi ujana" na hakuna anayewaambia wanunuzi kwamba seli nyingi za kansa zinaendelea kuishi kwa sababu zimewasha telomerasi.

Mimi sharti langu kwake ni moja, asikae kurudia tu yaliyofanywa Marekani. Hamira za asili zinatofautiana urefu wa telomia, basi achukue za pombe zetu za kienyeji, tonto kule magharibi na malwa na ajono kule mashariki, azipime, aone jeni zao za ukaguzi zikoje. Hapo mtu wa Seattle ndiye atakuja kumuuliza yeye.

Wa upande wa pili karibuni, lakini msinirudishie panadol tu. Niambieni huyu kijana akikataliwa akaenda kusomea nje asirudi, miaka 10 ijayo nani atawafundisha wanaosoma vipimo vya jeni vya wagonjwa wetu wa kansa?