Tindikali, bromini au umeme: ipi inatoa chembe za ndani ya chuma zikiwa salama?

Mwanatanuru
Wakuu, nina chuma cha kaboni ndogo, kimetulizwa kwa aluminiamu (yaani imeondoa oksijeni) kisha kikawekwa kalisi. Kwenye kipande kilichong'arishwa naona vidoti tu. Nataka chembe zenyewe, zile oksaidi na salfaidi zilizonaswa ndani ya chuma, nizione nzima kwenye hadubini ya elektroni. Njia nilizopata za kuyeyusha chuma na kuzichuja ni tindikali ya haidrokloriki ya moto, bromini ndani ya methanoli, na umeme. Mngetumia ipi?

Mzee_wa_Tindikali
Tindikali, kila maabara inayo. Alumina (oksaidi ya aluminiamu) na spineli (oksaidi ya magnesi na aluminiamu) hazitikisiki, na unayeyusha gramu kadhaa kwa mkupuo. Nilishaona vidoti vitatu vilivyokaa mbalimbali, kumbe ni tawi moja, kama tumbawe.

Bi_Maabara
Mzee, shikamoo, lakini hapo unampoteza. Ile harufu ya mayai viza chombo kikipata moto ni salfaidi ya manganizi inakwenda zake. Aluminati, yaani oksaidi za kalisi na aluminiamu, zikiwa na kalisi nyingi nazo zinaliwa. Niliwahi kuripoti kwamba kalisi haikufanya kazi, maana kwenye kichujio nilikuta alumina tupu. Kumbe kalisi nilishaimwaga kwenye sinki.

Mzee_wa_Tindikali
Marahaba. Umenishika. Na bromini?

Bi_Maabara
Oksaidi inabakiza vizuri, salfaidi inazila. Ukiitia haraka, methanoli inachemka yenyewe, na ule mvuke mwekundu si wa kucheza nao nje ya kabati la kuvuta hewa. Iodini ni tulivu zaidi ila inajikokota.

Anodi_Kavu
Umeme, sioni mjadala. Methanoli yenye asetilasetoni 10% na tetramethiliamoni kloraidi 1%, sampuli iwe anodi (upande chanya), kama miliampia 50 kwa sentimita mraba. Asetilasetoni inashika chuma kinachoyeyuka kisije kuganda juu ya kichujio. Salfaidi zinabaki. Suuza kwa methanoli, usiguse maji: salfaidi ya kalisi haivumilii maji. Ubaya wake, unayeyusha sehemu ndogo tu ya gramu, chembe kubwa za nadra zinakupita. Na usijaribu na chuma cha reli chenye kaboni 0.7%: sementaiti (kabaidi ya chuma) haiyeyuki, kichujio kinabaki cheusi tii.

Mwanatanuru
Changu kaboni ni 0.05%, basi umeme. Kipande cha pili nitakitia tindikali nilinganishe. Bi_Maabara, yale majimaji yakishachujwa simwagi, nayapima kalisi.