Zanzibar tupeleke mtoto akaimbe Ulaya, au tumezowea kutazama tu?

Baharia wa Mizingani: Jamani, watoto wangu wiki hii wameganda kwenye simu wanatazama marudio ya Eurovision ya watoto, yale mashindano ya nyimbo yaliyoanza Copenhagen 2003. Malta, kisiwa cha kutafuta kwa miwani kwenye ramani, washawahi kuchukua ubingwa. Siye tunashindwa nini kuomba? Msinambie Ulaya, Australia waliingia 2015.

Bi Mkubwa: Malta mara mbili wamechukua, 2013 na 2015. Tena 2011 na 2012 hawakwenda kabisa. Walipumzika, wakarudi, wakabeba. Lakini mwanangu, ile si harusi ya jirani ukaenda na kanga yako. Shirika lako la utangazaji lazima liwe na uhusiano na umoja wa watangazaji wa Ulaya. Australia waliingia kwa mlango huo.

Ng'ambo Yetu: Halafu waombe kwa jina gani, Zanzibar au Tanzania? Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, 2017 mmesahau? Machi tumepokewa, vigelegele mji mzima, Julai tumetolewa, ati siye si nchi.

Ustadh wa Zamani: Mpira mwengine, wimbo mwengine. Utamaduni haumo kwenye mambo ya Muungano. Suala langu mie, huyo mtoto wa kike atavaa nini?

Bi Mkubwa: Atavaa kama anavyovaa kwenye Maulidi anaposoma kasida mbele ya mamia ya watu na wewe umo unaitikia.

Kijana wa Darajani: Mnagombea bendera na nguo, mwimbaji mwenyewe hamna! Awe na miaka 9 mpaka 14, na wimbo sehemu kubwa uwe kwa lugha ya kwao. Kiswahili tunacho. Ila mchague wa mjini, tafadhalini. Akitoka Pemba akaanza "ntoto wa ntu", majaji watadhani maikrofoni imeingia maji 😂

Binti Wete: Hebu rejea hapo. Imeingia nini? Hicho Kiunguja mnachojitapia ilikuwa lahaja kama lahaja nyengine mpaka Waingereza walipokivika joho la Kiswahili sanifu na kamati yao ya lugha ya 1930. Hakikuteremshwa na malaika pale Darajani. Wale washairi Kamange na Sarahani walikuwa wa wapi, si Pemba? Mashairi yao nyie wa mjini mnayasoma na kamusi mkononi.

Ustadh wa Zamani: Kamati ndiyo 1930, lakini uamuzi wa kukichagua Kiunguja ulipitishwa Mombasa, 1928.

Binti Wete: Ahsante Ustadh, hata hilo halikuamuliwa Darajani.

Kijana wa Darajani: Dada, nimetania tu, mbona umewaka kama makumbi makavu?

Binti Wete: Utani unaomwangukia mtu yule yule kila siku una jina jengine. Sensa ya 2022 Pemba tumehesabiwa watu zaidi ya 543,000. Malta nzima ni karibu sawa na siye. Wao wamepata mabingwa wawili, siye tunaambiwa tumeingia maji.

Ng'ambo Yetu: Bingwa wa 2015, Destiny Chukunyere, baba yake Mnigeria. Kwa hiyo Mwafrika kashashinda 😄

Mzee wa Kikwajuni: Siti binti Saad alitoka Fumba, shamba, kaingia mjini anauza vyungu. Mjini hapa hapa walimcheka. 1928 huyo, Bombay, anarikodiwa santuri. Waliomcheka hata majina yao hatuyajui.

Kijana wa Darajani: Mzee, Fumba ni Unguja.

Mzee wa Kikwajuni: Nimesema shamba. Soma kwanza, yakhe.

Wa Makunduchi: Mjini, Pemba, mjini, Pemba. Na Kikae chetu je? Siye tukiimba hata nyie Wazanzibari mtataka mkalimani.

Baharia wa Mizingani: Nimeuliza mashindano ya watoto mie, wazee wazima mnagombea lahaja!

Bi Mkubwa: Ndiyo mashindano yenyewe haya. Mtunzi akitokea shamba, wimbo utapelekwa na hiyo "ntu" yake au atalazimishwa kuisafisha? Na nani wa kumsafisha?

Kijana wa Darajani: Haya, nimekosa, nisamehewe. Lakini "ntu" haiimbiki.

Binti Wete: Haiimbiki? Njoo harusini Konde mwisho wa wiki. Saa mbili usiku utakuwa unaitikia wewe, na ntu zako zote.

Wa Makunduchi: Tiketi ya boti analipa nani?

Binti Wete: Aliyeingiza maji.