Naombeni ushauri: Nitengeneze SL 500 ya 2003 au niiuze ilivyo?

Kijana_Kijitonyama: Habari za jioni wakuu. Nina Mercedes SL 500 ya 2003, bodi R230, namba C, rangi ya fedha. Ukiipaki usiku, asubuhi unaikuta imelala mbele, bampa inakaribia kugusa sakafu. Ukiwasha inajiinua taratibu, halafu dashibodi inaandika kwa wekundu kwamba gari liko chini mno, simama. Gereji niliyopeleka wanataka milioni 8.5, pampu na struti mbili za mbele (zile shokomzoba zinazobeba gari) pamoja na ufundi. Dalali ananipa milioni 11 nimuuzie kama ilivyo. Injini haina tatizo. Naomba ushauri wa kitaalamu, hili jambo linaninyima usingizi.

Kiberiti_Mkavu: Nimewahi siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

Shangazi_Mbagala: Uza mwanangu. Hiyo hela chukua Probox, mpe kijana akuletee hesabu kila wiki. Marehemu mume wangu alikuwa na BMW ya hivyo hivyo, kila mwezi fundi, kila fundi anasema wa kabla yake ndiye kaharibu. Mpaka anafariki lilikuwa limepaki nyuma ya nyumba, kuku wanataga humo. Nyie vijana mnapenda kuonekana.

Chombo_Feri: Cc 5000 kwenye foleni ya Mwenge! Hapo unaendesha kituo cha mafuta, siyo gari.

Fundi_Gerezani: Mkuu, tusikilizane. Hiyo gari haikai kwenye spring peke yake. Ina mfumo unaitwa ABC: pampu inasukuma oili kwa presha kubwa, inafika kama baa 200, kwenda kwenye struti za magurudumu yote manne, kompyuta ndiyo inaamua kila gurudumu lipate kiasi gani. Kulala usiku maana yake presha inapotea mahali. Inaweza kuwa struti, inaweza kuwa valvu, au raba tu. Joto la Dar linakausha raba. Pampu haihusiki na kulala wakati gari limezimwa, kwa hiyo aliyekuandikia pampu mwambie akuonyeshe vipimo vya presha.

Halafu angalia oili iliyomo. Inatakiwa ya kijani, CHF 11S. Wengi mjini wanamimina ile nyekundu ya gia boksi kwa sababu ni rahisi kupatikana, na inaua mfumo mzima. Kuna watakaokushauri ung'oe ABC uweke spring za kawaida. Inawezekana, vifaa vyake vinauzwa, ila gari la ABC halina stebilaiza, kile chuma cha kuzuia gari lisilalie upande, kwa hiyo ukiing'oa gari litalala kwenye kona kama daladala limejaza.

Kijana_Kijitonyama: Asante sana Fundi. Ila pampu nimeshaiagiza Dubai, nimetanguliza milioni 3.

Fundi_Gerezani: Sasa ushauri wa nini?

Kijana_Kijitonyama: Nataka kujua kama nimalizie. Wakuu, msioijua hii gari hamwezi kunielewa. Paa la chuma linajikunja lenyewe kwa sekunde 16. Jumapili alfajiri barabara ya Bagamoyo, ukishapita Bunju, upepo unaingia na ile V8 inanguruma chini chini bila fujo. Baba alikuwa anatubeba mimi na wadogo zangu wawili mpaka Bagamoyo kula samaki. Hakuna Probox itakayonipa hicho.

Mbezi_Mwisho: Na kuagiza nyingine leo siyo mchezo. Ushuru 25%, excise (ushuru wa bidhaa) 10% kwa injini zaidi ya cc 2000, uchakavu 30% kwa gari lililozidi miaka 10, na VAT inakaa juu ya hizo zote. Iliyopo nchini itunze. Mimi nililia na Crown, hadithi ndefu, nitaileta siku nyingine.

Wakili_wa_Mtaa: Umesema "baba alikuwa". Kadi ina jina la nani?

Kijana_Kijitonyama: Kadi ipo.

Wakili_wa_Mtaa: Sikuuliza kama ipo.

Kijana_Kijitonyama: Ya marehemu baba. Mirathi haijafungwa, shangazi yetu ndiye msimamizi. Gari ninalitunza mimi toka mwanzo, wenzangu hata kuosha hawajawahi. Na ile milioni 3 ni kodi ya vyumba vyetu vya Tandika, nitairudisha. Kitu kikikaa bila kutengenezwa si kinaozea wote?

Wakili_wa_Mtaa: Basi si wewe wa kuuza wala wa kutengeneza kwa hela hiyo. Msimamizi anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu, na gari hilo liwemo. Hakuna uhamisho wa kadi bila yeye. Dalali anayekupa milioni 11 analijua hilo, ndiyo maana bei iko hapo.

Chombo_Feri: Jamani hii ni chai. R230 ina viti viwili tu! Baba, yeye na wadogo wawili walikaa wapi? Juu ya boneti? Anatunga huyu, tumepoteza bando.

Shangazi_Mbagala: Na mimi nimemwaga ya marehemu wangu bure!

Kijana_Kijitonyama: Wa mwisho alikuwa na miaka 4, nilimpakata. Wa kati alijibanza nyuma ya viti, pale panapowekwa mabegi. Tukikaribia trafiki baba anamwambia ainame. Sitanii na kifo cha mzazi wangu.

Chombo_Feri: Tupia picha.

Fundi_Gerezani: Picha zinaokotwa mtandaoni. Mkuu, ulishabadilisha plagi?

Kijana_Kijitonyama: Ndiyo. Fundi wa kwanza alinunua 8, akafunga upande mmoja akaishiwa. Ni 16, mbili kila silinda. Nilirudi dukani nikiwa nimevaa kandambili.

Fundi_Gerezani: Gari analo huyu. Chombo, muombe radhi.

Chombo_Feri: Gari nimekubali. Hiyo ya kuinama mbele ya trafiki bado naitafakari.

Wakili_wa_Mtaa: Wadogo zako wanasemaje kuhusu kodi?

Kijana_Kijitonyama: Wa kati anajua. Anataka liuzwe akalipe ada ya chuo. Nimemwambia avumilie, likipona thamani inapanda na yeye atafaidika.

Fundi_Gerezani: Usiliendeshe tena hivyo. Lete kwa winchi ya kubeba, siyo ya kuvuta, nipime presha kabla hujamalizia Dubai. Na buti lifunge vizuri, maji yakiingia mle yanaua umeme.

Kiberiti_Mkavu: Wakuu, mimi sitanii. Msimamizi na wadogo wakiafiki, natoa milioni 13, likiwa limelala hivyo hivyo. Pesa inapita kwa wakili.

Shangazi_Mbagala: Haya, ada ya mtoto hiyo imepatikana!

Kijana_Kijitonyama: Sijasema nauza. Nimeuliza kuhusu pampu.