Dola 350, vyumba viwili Ndosho: tuanze na kitanda, salo au kabati?

NyumbaMpya_Ndosho

Habari zenu wakubwa. Mwezi ujao tunahamia nyumba ya mbao ya vyumba viwili mtaa wa Ndosho, hapa Goma. Sebule ni mita 3 kwa 3.5, chumba cha kulala mita 3 kwa 2.8, sakafu ni saruji iliyomwagwa juu ya mawe ya volkeno, mlango una upana wa sm 75. Garanti ya nyumba imeshalipwa, vyombo vya jikoni tunavyo. Zimebaki dola 350 kwa kitanda cha upana wa sm 140, matela (godoro), viti vya wageni, meza, na mahali pa nguo.

Menizye (seremala) mmoja ametupa bei ya seti nzima ya karitusi (mkaratusi): kitanda, kabati ya milango mitatu na salo (seti ya makochi) ya watu 5, tayari kwa siku 10, ila anataka pesa yote mbele. Tukubali, au tutafute okazyo (vitu vilivyotumika)? Mbao gani inafaa? Na matela nzuri mtu anaitambuaje akiwa bado dukani?

Randa_na_Patasi

Ndugu, usilipe kwanza. Simwiti huyo menizye mwizi, shida yangu ni hizo siku 10. Zinatosha kukata, kuunga na kupaka vernisi (vanishi). Kukausha mbao hazitoshi hata kidogo. Ubao wa unene wa sm 2.5 unahitaji miezi kadhaa kivulini, umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite kati ya ubao na ubao. Kama hana mbao kavu tayari ndani ya atelye (karakana), atakutengenezea mbichi, nazo zitakaukia nyumbani kwako.

Karitusi ndiyo inayoadhibu zaidi hapo. Ubao wa upana wa sm 20 ulioungwa mbichi unaweza kupungua sm 1 nzima. Ulimi (ncha ya mti iliyochongwa) unalegea ndani ya tundu la kiungo, kitanda kinaanza kulia usiku, mlango wa kabati unajipinda na haufungi tena, meza inapasuka kuanzia kwenye msumari. Vernisi nayo inafanya malengelenge kwa sababu maji yanatafuta njia ya kutokea. Mteja anadhani fundi hakujua kazi, kumbe kazi ilikuwa nzuri ila mti ulikuwa bado na maji.

Kabla ya kuagiza, nenda atelye uombe uonyeshwe mbao zenyewe zitakazotumika. Nyanyua mbili za mti mmoja na kipimo kimoja: iliyo nzito kuliko mwenzake ina maji. Igusishe shavuni, mbichi ni baridi kama ukuta wa asubuhi. Kisha mwombe apige msumeno kidogo, na asiupige kwenye ncha. Ncha hukauka mbele ya ubao wote na hudanganya, kwa hiyo apige angalau sm 30 ndani. Chukua unga wa pale ukamue kwenye ngumi. Ukifungua mkono na unga ukabaki donge kama unga wa bugali uliotiwa maji, mbao hiyo iache. Ukimwagika kati ya vidole, endelea na mazungumzo.

Kuhusu aina: grevilea iliyokauka ni nzuri kwa meza na viti, haisumbui randa. Sipre ni nyepesi na laini, inafaa etajeri (rafu), lakini kwa ubavu wa kitanda angalia vifundo, maana inavunjikia hapo. Libuyu, ile nyekundu ya jamii ya akaju (mahogani) inayoshuka kutoka upande wa Beni na Ituri, inatulia vizuri ikikauka na ndiyo ningeiweka kwenye kitanda. Muvula ni imara kuliko zote, wadudu hawaipendi, lakini kwa bajeti yako ni anasa. Karitusi kavu kabisa inafaa kwa miguu na mti wa kati wa kitanda, yaani ule unaobeba uzito. Kwa milango ya kabati, hapana.

Mimi ningepanga hivi, na hii ni mipaka ya kutovuka, si bei za soko: matela 130, kitanda 100, viti na meza 70, nguo na usafirishaji 30. Ishirini zibaki mfukoni, kwa sababu siku ya kuhamia hakuna nyumba isiyodai kitasa au misumari. Kabati na salo visubiri.

MamaVitambaa_Katindo

Naunga mkono, salo isubiri. Ukitaka kujua kwa nini salo ya bei rahisi inakufa upesi, igeuze chini juu na uangalie tumbo lake. Utakuta vipande vya mabaki vilivyopigiliwa misumari, kiroba kimevutwa badala ya mikanda, na sponji ya vipandevipande imefichwa chini ya kitambaa kinachong'aa. Ndani ya miezi michache mtu anakaa akigusa mbao.

Kwa sebule ya mita 3 kwa 3.5, tengeneza benchi mbili za mbao za urefu wa mita 1.5, kina sm 55, kiti kiwe sm 32 kutoka chini. Juu unaweka sponji ya sm 10, na mtu akikaa inabaki kama sm 40, magoti yanapumzika. Benchi moja inachukua watu wawili kwa raha, watatu wakisogeana. Kiti cha tano kiwe cha plastiki. Fuko za sponji zishonwe kwa kitenge kizito au kitambaa cha pazia, na zipu iwe upande wa nyuma, ili uzivue na kuzifua. Usikubali kitambaa kilichopigiliwa kwenye mbao. Vumbi letu jeusi la mawe linaingia humo na halitoki tena.

Sasa matela, dada au kaka yangu, sikuoni. Ile ya kubonyeza kwa mkono haikusaidii, sponji mpya zote zinarudi juu. Dawa ni mizani. Msongamano wa sponji ni uzito wa mita moja ya ujazo. Matela ya sm 190 kwa 140 kwa 20 ina mita za ujazo 0.532. Ikiwa ni D25 kweli, yaani kilo 25 kwa mita moja ya ujazo, sponji yake lazima ikaribie kilo 13. Ya D18 inafika kilo 9 na nusu tu, hata kama lebo imeandikwa namba nyingine. Omba mizani ya muuza viazi wa jirani, ninginiza matela iliyokunjwa, kisha kwenye uzito punguza kama kilo moja ya kitambaa. Muuzaji anayekataa kupima amekwisha kukujibu. Kwa watu wazima wawili usishuke chini ya D25. Mwenye mwili mkubwa atafute D30, ambayo kwa kipimo hicho ni karibu kilo 16.

Pima na unene kwa metre, usiamini lebo. Kisha fungua zipu uangalie kama sponji ni kipande kimoja. Iliyounganishwa kwa gundi katikati, pale mgongo unapolala, itapasuka hapo. Kisha weka goti moja katikati kwa nusu dakika: ukihisi sakafu, rudisha. Ukifika nyumbani toa nailoni yote. Wengi wanaiacha ili matela isichafuke, kumbe jasho linabaki ndani na ukungu unaota upande wa chini.

Mteja_wa_Birere

Kuhusu okazyo: iko vizuri kwa meza, viti, etajeri na vitanda vya mbao ngumu. Mwisho wa mwezi ndio wakati wake, maana watu wanaohama au kumaliza mikataba kwenye mashirika huuza kwa haraka. Matela ya okazyo usiichukue hata ya bure.

Kitanda cha okazyo kikague mchana na tochi. Pitisha kadi ngumu ndani ya kila kiungo na kila ufa. Ukitoa vidoa vyeusi kama wino au maganda mepesi ya rangi ya kahawa, ni kunguni. Usiseme kimekaa miezi stoo kwa hiyo wamekufa, mdudu huyo anavumilia njaa miezi mingi. Ukikitaka kwa sababu mbao ni nzuri, kifunguliwe chote nje, maji yanayochemka yamiminwe ndani ya matundu na nyufa, kisha rudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya mayai. Vernisi itageuka nyeupe, kwa hiyo hesabu gharama ya kuipaka upya kabla hujataja bei.

Kwa bungua, gonga mguu sakafuni. Matundu ya milimita 1 au 2 yakimwaga unga mweupe laini, wadudu wako hai ndani. Tundu jeusi lisilotoa kitu ni la zamani. Na kabati ya tripleksi (plaiwudi) ipapase ukingo wa chini: ikiwa imevimba kama mkate ulioloa, ilishakunywa maji ya sakafu na haiponi.

NyumbaMpya_Ndosho

Asanteni sana. (Ni dada, mama.) Nimeuliza menizye mwingine, ana libuyu kavu na unga wake haukushikamana. Anakubali kitanda peke yake, kwa nusu ya pesa mbele. Niandike nini kwenye karatasi ili tusigombane? Na nguo je, kama kabati inasubiri?

Randa_na_Patasi

Vizuri dada. Karatasi isiseme "kitanda kizuri cha libuyu", maana hapo hakuna cha kudai. Andika hivi:

"Kitanda cha libuyu kavu, nafasi ya ndani sm 192 kwa 142. Miguu sm 7 kwa 7. Ubavu unene sm 3, upana sm 15. Kila kona bulo (bolti) 2 za milimita 8 zenye rondeli (washa), jumla 8, kitanda kifunguke chote. Kichwa na upande wa miguu viungwe kwa ulimi na tundu na kole (gundi), bila msumari. Mti wa kati sm 4 kwa 8 wenye mguu wake katikati. Mbao za kulalia 13, upana sm 8, unene sm 2, nafasi kati yao sm 7. Msasa kabla ya vernisi, vernisi mara 3. Nusu mbele, nusu baada ya kufungwa nyumbani na kukaliwa."

Tarehe, bei, sahihi mbili, nakala mbili. Dola zako ziwe hazina mpasuko hata mdogo ukingoni, la sivyo mtapoteza asubuhi kwenye kubadilisha noti.

Usiache mti wa kati. Mbao ya sm 2 ikivuka sm 140 bila kushikwa, watu wawili wakikaa pamoja inapinda, na siku moja inakatika kwenye kifundo. Mti wa kati unagawa umbali huo kuwa sm 70. Na bulo ni lazima kwa mlango wako: kichwa cha kitanda chenye upana wa sm 150 kitapita kwa ubavu, lakini kitanda kilichogandishwa kwa misumari hakipiti mlango wa sm 75 bila kubomoa kitu. Kazeni bulo tena baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi mitatu.

Mpitie kabla hajapaka vernisi. Mbao ikiwa bado tupu unaona kila kitu: pengo lililojazwa unga na gundi, ufa, upande mweupe wa mti ambao wadudu wanaanzia. Apake ndani, mlango umefungwa, siku isiyo na mvua. Atelye za pembeni ya barabara ya vumbi zinatoa vernisi iliyokwaruza kama msasa, kwa sababu pikipiki moja ikipita vumbi linalala juu ya rangi mbichi.

Nguo: nunua bomba la chuma la kipenyo cha sm 2.5, urefu mita 1.5, ulitundike sm 165 kutoka sakafuni, pazia mbele. Lishikwe kwa vis (skrubu) kwenye shevro (miti ya fremu) za nyumba, si kwenye ubao mwembamba wa ukuta, ambao utang'oka siku utakapotundika makoti. Liwe sm 30 kutoka ukutani ili henga zienee, na masanduku ya nguo zilizokunjwa yakae chini juu ya vipande viwili vya mbao. Kitu chochote kisigusane na ukuta, acha hata sm 5, maana mvua ya upepo inapenya kati ya mbao na ukungu unaanzia nyuma, usipoona.

Mteja_wa_Birere

Kwa kubeba, kitanda kilichofunguliwa na benchi vinaenda kwa chukudu moja (ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo) bila shida. Vifungwe kwa mipira ya tairi na kitambaa kiwekwe pale mbao zinapokutana, kwa sababu mtikisiko wa mawe hadi Ndosho unakula vernisi kwenye kila kona. Bulo na rondeli zibebe mwenyewe kwenye mfuko. Matela iende peke yake, siku nyingine kama mvua inatisha.

Ukifika, usikate mguu siku hiyo hiyo. Sakafu juu ya mawe haiko sawa, kitanda kinachocheza kona hii kinatulia ukikisogeza sm 20. Tafuta mahali pake kwanza, weka chupa ya maji iliyolala juu ya ubavu uone kiputo cha hewa kinakimbilia wapi, huko ndiko juu, halafu pandisha mguu mfupi kwa kipande cha tairi lililokatwa kwa kipimo cha mguu, lililopigiliwa vimisumari viwili. Vipande vingine vinne vyembamba viende kwenye miguu iliyobaki, pamoja na ule wa kati, ili mbao isinywe maji siku ya kupiga deki.