Mjadala: Mlango wa protini kwenye mitokondria ulijengwa na nani?

Kitendawili: Mitokondria, kituo cha nishati cha seli kilichotokana na bakteria aliyemezwa, kwa binadamu hujitengenezea protini 13 tu. Nyingine, elfu na ushei, huundwa nje na kuingizwa. Ila mtambo wa kuziingiza nao ni protini zinazotoka nje! Ukiondoa Tom40 peke yake, tundu la mtambo huo kwenye utando wa nje, hamira inakufa. Kitu kama hicho kingejengekaje hatua kwa hatua?

Pipa: Kwamba leo hamira haiishi bila Tom40 hakusemi lolote kuhusu babu yake. Itazame Sam50, inayopachika protini zenye umbo la pipa kwenye utando wa nje. Ni ndugu wa BamA ya bakteria, na kazi ni ileile. Sasa fuata safari ya pipa lenyewe: linaundwa kwenye saitoplazimu, linapenya TOM (mtambo wenye Tom40) hadi kati ya tando mbili, halafu linageuka na kupachikwa kutokea ndani, kwenye utando uleule liliokwisha kuupita. Mzunguko wa nini? Bakteria hupachika kutokea ndani, basi. Huo ni urithi mtupu.

Nanga: Kwa SAM (mtambo wenye Sam50) nakubali, kwa TOM hapana. Chukua Tom20, mpokezi wa protini mlangoni: ya mimea imejikita utandoni kwa mkia wa mnyororo wake, ya wanyama kwa kichwa. Zilizuka mara mbili, mbalimbali, baada ya bakteria kumezwa. Hapo fundi ni seli mwenyeji.

Kitendawili: Na anwani inayoielekeza protini kwenye mitokondria je? Asidi amino 15 hadi 50 mbele ya protini hazijiandiki.

Pipa: Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Inatosha hesi (mnyororo uliojisokota) yenye chaji chanya upande mmoja na mafuta upande wa pili. Mwaka 1987 vipande vya DNA ya *E. coli* vilivyookotwa ovyo viliunganishwa na protini iliyonyang'anywa anwani. Zaidi ya 2 katika 100 viliifikisha ndani ya mitokondria za hamira.

Nanga: Umeme wa utando huvuta anwani tu. Mwili wa protini huvutwa na Hsp70, protini ya ndani inayotumia nishati ya ATP, ikishikizwa kwenye Tim44, sehemu ya mlango wa utando wa ndani. Chukua DHFR, protini ya majaribio iliyopewa anwani, uifunge kwa dawa ya methotreksati isikunjuke: inakwama na kuziba tundu.

Pipa: Ndugu wa Tim44 na wa Tim14, msaidizi wa Hsp70, walipatikana kwenye bakteria *Caulobacter* mwaka 2009, kila mmoja na shughuli zake.

Nanga: Tundu lenyewe la utando wa ndani, Tim23? Mfanano wake na LivH ya bakteria ni hafifu mno kuuita ukoo.