P-3C Orion: kwa nini injini namba 1 huzimwa ndege ikiwa doria?

MtazamaAnga: Wakuu, habari zenu. Picha nyingi za P-3C, ndege ya doria ya baharini yenye injini nne, za vikosi vya doria vya Jeshi la Majini la Marekani (vile vya VP) zinaonyesha pangaboi la kushoto kabisa limesimama, na ndege iko chini chini juu ya maji. Ni hitilafu au wamelizima makusudi? Na mbona ni la kushoto?

Fundi_T56: Makusudi, mkuu, na sababu ni mafuta. Injini zake, T56-A-14, zina shafti moja kila moja: kompresa inayokandamiza hewa, tabo inayozungushwa na gesi ya moto, giaboksi na pangaboi vimeungana. Angani shafti huzunguka mara 13,820 kwa dakika na pangaboi mara 1,020, rubani atake nguvu nyingi au kidogo. Kinachobadilika ni kiasi cha mafuta na pembe ya mapanga. Kwa hiyo hata ukipunguza nguvu, kompresa inaendelea kudai chakula chake. Injini nne zilizopunguzwa hula kuliko tatu zinazofanya kazi barabara.

Sasa, namba 1 (tunahesabu kuanzia kushoto kwa rubani) ndiyo pekee isiyo na jenereta. Jenereta ziko 2, 3 na 4, na kompresa za hewa ya kabini ziko 2 na 3. Ukiizima, rada na mitambo ya kusikiliza nyambizi haipungukiwi umeme. Ndege ikishakuwa nyepesi hata namba 4 huzimwa, zikabaki mbili za ndani. Ila si mwanzoni mwa safari: tangi zikijaa, mafuta peke yake ni kama tani 28.

Giaboksi: Fundi kamaliza upande wa kuzima. Kuwasha tena ndiko kunakotaka umakini. Mapanga yaliyosimama yamegeuzwa makali yaelekee upepo. Injinia wa ndege huvuta kitufe, pampu ya umeme husukuma haidroliki kwenye kitovu, mapanga yanageuka na upepo unaanza kuyazungusha. Kwenye asilimia 16 ya kasi mafuta na cheche huingia; kwenye 65 cheche hukatika.

Hapo macho yasitoke kwenye joto la tabo na taa ya NTS. NTS ni kinga: upepo ukianza kuiburuza injini kupitia pangaboi, huongeza pembe ya mapanga. Isipoonyesha kwamba inafanya kazi, acha kuwasha, yarudishe mapanga yalivyokuwa. Bila hiyo pangaboi linakuwa breki upande mmoja wa bawa. Na oili iliyopoa kwa saa kadhaa huwa nzito, ipe muda kabla ya kudai nguvu.

Pangaboi si la kuchezea. Machi 1995, P-3C ya VP-47 ilitua baharini karibu na kisiwa cha Masirah, Oman. Pangaboi la namba 4 lilivunjika, panga likapasua mwili wa ndege na kukata nyaya za kuongozea injini, zote zikazimika. Watu wote 11 waliokolewa.

MtazamaAnga: Shukrani sana wakuu. P-8A, ndege ya doria iliyorithi kazi ya P-3C, nayo huzima injini?

Fundi_T56: Hapana. Ina injini mbili tu, za aina ya CFM56, na hizo zina shafti mbili kila moja, kwa hiyo ukipunguza nguvu mzunguko nao hushuka. Yenyewe huokoa mafuta kwa kukaa juu, na inaweza kujazwa mafuta angani. Hubeba maboya ya sonari (hudondoshwa majini kusikiliza nyambizi) 129; P-3C hubeba 84, na 48 kati ya hayo hupakiwa kwa nje ndege ikiwa bado chini.