Mrejesho: stika za tuktuk zimeshika

Wakuu, niliuliza kwa nini stika za kioo cha tuktuk yangu hapa Malindi zinajaa mapovu na kubanduka kona. Ahsanteni sana, imekubali! Kosa kubwa lilikuwa kubandika juani, kioo kikiwa cha moto na kimeshika chumvi ya bahari. Safari hii nimeingia kivulini, nikafuta kwa spiriti, nikanyunyiza maji yenye tone la sabuni, nikalaza stika, nikayasukuma maji kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Tepu ya juu, ile inayoshikilia herufi za stika wakati wa kubandika, niliivuta taratibu. Herufi M ilipotaka kunyanyuka nayo, nikairudisha, nikakandamiza, nikangoja ikauke. Kona nilizikata za mviringo. Na wembe mpya wa kukatia, jamani, msiubanie! Wiki ya tatu hii, hakuna ukingo ulioinuka.